Miaka ya Kimya: Utangulizi wa Elimu ya Saratani za Mfumo wa Chakula

Huenda umekishika kitabu hiki kwa sababu unasomea udaktari au uuguzi na zamu ya wodi ya upasuaji inakungoja. Huenda wewe ni tabibu wa zahanati iliyo mbali na hospitali ya rufaa, na kila wiki unapokea watu wenye kiungulia ukijiuliza yupi umpe dawa na yupi umpe barua ya rufaa. Au si mtu wa hospitali kabisa, ila nyumbani kuna mzazi ambaye chakula kimeanza kumkataa. Nimeandika nikiwafikiria nyote, na kwa makusudi sikuwatenga. Daktari bingwa hana la kufanya kwa mgonjwa ambaye hajafikishwa kwake, na anayemfikisha mara nyingi ni binti yake, mkwe wake au tabibu wa zahanati.

Tuanze na njia yenyewe. Chakula kikishatafunwa hushuka kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unaopita nyuma ya njia ya hewa na nyuma ya moyo. Huingia kwenye mfuko wa tumbo, kisha utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, na safari huishia kwenye puru. Pembeni mwa njia hiyo kuna ini, kifuko cha nyongo na kongosho, ambavyo chakula hakivipitii lakini bila juisi zake hakisagiki. Saratani huweza kuanza popote humo, ila haigawanyiki sawasawa. Utumbo mwembamba, ingawa ndio mrefu kuliko sehemu nyingine zote, hupata saratani kwa nadra sana. Umio, ulio mfupi, huua maelfu kwa maelfu.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani walipatikana na saratani ya utumbo mpana na puru, 970,000 hivi ya tumbo, 870,000 hivi ya ini, na zaidi ya 500,000 kwa kila moja kati ya umio na kongosho. Ukizijumlisha hizo tano, ni karibu robo ya wagonjwa wote wapya wa saratani mwaka ule. Lakini ukijumlisha waliokufa, ni theluthi ya vifo vyote vya saratani. Tofauti hiyo, kati ya robo na theluthi, ndiyo sababu ya kitabu hiki kuandikwa. Saratani hizi zinaua kupita hesabu yake, na chanzo kikubwa ni kwamba nyingi hugunduliwa zikiwa zimechelewa.

Zinachelewa, na hali muda ulikuwepo. Hilo ndilo ningependa ulikamate kabla hujazama katika sura zinazofuata. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo, polipi, kinachoota kwenye utando wa ndani, na huchukua miaka kumi hivi, pengine zaidi, kabla hakijageuka saratani kamili. Ini lenye virusi vya homa ya ini B huweza kukaa miongo mitatu kabla uvimbe haujaota. Kwenye umio, seli hubadilika umbo na mpangilio kwa miaka kabla hazijaanza kuchimba ukuta. Miaka hiyo mgonjwa hajisikii kuumwa, na mara nyingi hakuna anayemchunguza. Elimu ya saratani za mfumo wa chakula, kwa sehemu kubwa, ni elimu ya jinsi ya kuitumia miaka hiyo.

Nitakaa zaidi kwenye umio, kwa kuwa hapo ndipo Afrika Mashariki ina jambo lake yenyewe. Ukichukua ramani na kutia alama mahali ambapo saratani hii ni nyingi kupita kawaida, utaona ukanda unaoanzia Ethiopia, unashuka kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Rasi ya Mashariki kule Afrika Kusini. Afrika Magharibi ugonjwa huu ni nadra. Nje ya bara letu kuna maeneo mengine mawili yanayojulikana sana, Golestan kaskazini mwa Iran na Linxian katika China, na watu wa kwetu, wa Golestan na wa Linxian hawafanani kwa chakula, dini wala kabila.

Mwanafunzi anayesoma vitabu vya Ulaya na Marekani atajifunza kwamba saratani ya umio ni ugonjwa wa wazee wanene wenye kiungulia cha miaka mingi. Hiyo ni aina nyingine. Ni ile inayotokana na seli za tezi, chini kabisa ya umio, mahali ambapo asidi ya tumbo hupanda. Ya kwetu, karibu yote, ni ya seli bapa, zile zinazotandika umio tangu juu hadi chini, na mgonjwa wetu kwa kawaida ni mkulima mwembamba ambaye hajawahi kulalamikia kiungulia. Katika Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, Kenya, ambako ugonjwa huu umeshughulikiwa kwa muda mrefu pengine kuliko popote katika ukanda wetu, wamepokea hata vijana walio chini ya miaka 30. Katika nchi nyingi daktari hustaafu bila kumwona mgonjwa wa umri huo.

Kwa nini? Chai imeshukiwa, na kwa haki. Watafiti walipokwenda Kilimanjaro na vipimajoto, wakawaomba watu wanywe chai kama wanavyokunywa siku zote, walikuta funda la kwanza hunywewa ikiwa na joto la wastani wa nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na chai ya maziwa hunywewa ikiwa ya moto kuliko ya rangi. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Soma hukumu hiyo kwa makini, maana watu huigeuza. Majani ya chai hayana kesi. Kesi ni joto, linalounguza utando wa umio kidogo kidogo, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, na kuulazimisha ujijenge upya kila mara. Kikombe kikiachwa mezani dakika chache hatari hiyo hupungua, na hakuna dawa ya bei rahisi kuliko hiyo.

Lakini chai haitoshi kueleza ukanda mzima. Kuna tumbaku na kuna pombe, hasa pombe kali za kienyeji kama gongo na chang'aa. Kuna moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, unaobeba kemikali zilezile zilizo kwenye moshi wa sigara, na unaovutwa na mama na watoto ambao hawajawahi kushika sigara. Kuna mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin yanayotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ambayo yamekutwa na asetaldehidi, kemikali ileile ambayo mwili huitengeneza kutokana na pombe. Kuna kuvu wa mahindi. Kuna meno mabovu na kinywa kisichosafishwa. Kuna ukoo, maana wagonjwa wengi huwa na ndugu aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Kila moja limeonekana katika utafiti huu au ule, na hakuna hata moja linalobeba lawama peke yake. Atakayeueleza ukanda huu sawasawa bado yuko njiani, na natumaini ni mmoja wa wanaosoma ukurasa huu.

Sasa tuingie chumba cha uchunguzi. Mgonjwa amelala kwa ubavu wa kushoto, kooni amepuliziwa dawa ya ganzi, na endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera na taa kwenye ncha, imeshashuka. Utando wa umio kwenye skrini una rangi ya waridi iliyopauka na unang'aa. Huoni kasoro. Daktari anapulizia iodini iliyochanganywa na maji, ile iitwayo Lugol, na kwa sekunde chache utando wote unageuka kahawia iliyokolea. Seli zenye afya zina akiba ya wanga, na wanga huo ndio unaoshika iodini. Seli zilizoanza kuharibika zimeitumia akiba yake, kwa hiyo hazishiki rangi. Katikati ya kahawia ile kinabaki kibaka cha njano, chenye mipaka iliyo wazi, mahali ambapo dakika moja nyuma hukuona kitu. Hapo ndipo kipande kinachukuliwa.

Njia hii ilitumiwa Bomet kwa watu wasio na dalili yoyote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: kwa kadiri ya mtu mmoja kati ya saba, seli za umio zilikwisha kuanza kubadilika. Tafakari maana yake. Hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakilima, wakikamua ng'ombe na kula ugali bila shida. Si wote ambao wangeishia kuwa na saratani, maana mabadiliko madogo mengine hubaki hivyo hivyo au hurudi nyuma. Lakini miongoni mwao wamo ambao wangeweza kuondolewa kibaka kile kwa endoskopi hiyohiyo, bila kupasuliwa, wakarudi nyumbani.

Badala yake mgonjwa wetu wa kawaida hufika hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na safari. Nieleze, chakula kinakusumbua?"

"Hapana. Nakula vizuri tu."

"Jana usiku ulikula nini?"

"Uji."

"Na juzi?"

"Uji vilevile, na maziwa."

"Ugali uliacha lini?"

"Ugali huo niliuacha tangu kabla ya mavuno. Ulikuwa unakaa hapa." Na mkono unakwenda katikati ya kifua.

Mzee huyo hakudanganya. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe huziba sehemu kubwa ya njia kabla mwenyewe hajatambua, na mtu hujirekebisha bila kujua: anatafuna zaidi, anateremsha kila tonge kwa maji, anaacha nyama, kisha ugali, kisha wali, hadi anabaki na uji. Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi waache kuuliza kama chakula kinasumbua. Waulize ni chakula gani mgonjwa amekiacha, na tangu lini. Jibu la swali hilo hueleza kiasi cha njia iliyoziba na miezi iliyopita. Na mtu mzima yeyote ambaye chakula kigumu kinamkwama anahitaji endoskopi. Dawa ya kutuliza asidi haimfai, wala kungoja mwezi aone itakuwaje.

Ini lina habari nyingine, ambayo kwa kiasi fulani ni ya matumaini. Saratani yake katika nchi zetu ina wazazi wawili wanaojulikana kwa majina, nao hushirikiana. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini B. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, uwezekano wa virusi hivyo kumganda maisha yote ni takriban asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida huvishinda, na wanaobaki navyo hawafiki asilimia 5. Wa pili ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ghafla kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Tukio lile liliandikwa duniani kote. Lakini sumu inayoleta saratani ni ile ya kiasi kidogo, inayoliwa kila siku bila mtu kuhara wala kutapika. Humo ndani ya seli za ini huharibu jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye kasoro isiendelee kuzaana. Ini lenye virusi na sumukuvu kwa pamoja liko hatarini mara nyingi zaidi ya lenye kimoja tu.

Wote wawili wanazuilika. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na katika muda wa miaka kumi na kitu saratani ya ini kwa watoto wake ilipungua kwa kiasi cha kuonekana wazi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa chanjo kuonekana ikizuia saratani ya binadamu. Kenya na Tanzania ziliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa mtoto huipata ndani ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wazazi wengi wa leo, hawakuipata. Kipimo chao ni tone la damu. Wenye virusi wanaohitaji dawa hutibiwa kwa tenofovia, ambayo tayari iko katika kliniki za VVU za nchi zetu. Na mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke sawasawa kabla ya kutiwa ghalani.

Juu ya tumbo nitasema machache, kwa kuwa sura yake ni ndefu na inajitosheleza. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kikombe cha bakteria aina ya Helicobacter pylori ili kuthibitisha kwamba bakteria hao, wala si mawazo peke yake, ndio wanaoliumiza tumbo. Aliugua, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria hao ndio chanzo kikuu cha saratani ya tumbo duniani. Barani Afrika wamejaa, lakini saratani ya tumbo si nyingi kwa kiasi hicho, na wataalamu wanaendelea kubishana kwa nini. Kwa kazi ya kila siku, jambo kubwa ni hili: dawa za vidonda vya tumbo huuzwa duka lolote la dawa, nazo huweza kutuliza dalili za saratani kwa wiki kadhaa huku uvimbe ukiendelea. Mtu aliyepita miaka 45 anayepata maumivu mapya ya tumbo, au anayepungua uzito, anayetapika chakula cha jana, au anayepata choo cheusi chenye kunata, aangaliwe kwa endoskopi kabla ya kupewa dozi nyingine.

Utumbo mpana unatuhusu zaidi kila mwaka unaopita. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya tezi za watoto aliyoieleza mwaka 1958, aligundua pia kwamba hospitali za vijijini Afrika karibu hazikuwa zikiona saratani ya utumbo mpana, na hali Uingereza ilikuwa ya kawaida. Aliandikiana barua na hospitali nyingi ili kukusanya takwimu zake, na mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba makapi ya nafaka na mboga yanayokisukuma choo haraka ndiyo yanayotukinga. Hoja yake imerekebishwa tangu hapo, lakini mboga, maharage na unga usiokobolewa vimebaki katika orodha ya vinavyopunguza hatari. Kilichobadilika ni sisi. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala unga ni mweupe, safari ni za gari, na soseji ziko kwenye kila duka. Mwaka 2015 IARC ilieleza kwamba gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani hii kwa asilimia 18 hivi. Wagonjwa wanaofika sasa katika hospitali zetu kubwa si wachache walio chini ya miaka 50.

Na wengi wao wamepitia neno bawasiri. Damu ikionekana kwenye choo, mgonjwa huambiwa ni bawasiri, hupewa dawa ya kupaka, na hakuna anayevaa glavu. Uvimbe mwingi wa puru unafikiwa kwa kidole. Kipimo hicho hakihitaji umeme, mashine wala bima. Kinahitaji glavu, mafuta ya kulainisha, pazia la kumsitiri mgonjwa na maneno ya adabu: "Mama, nitakupima kwa kidole kule nyuma, si kwa kuwa kuna ubaya, bali nisikose kitu. Nikikuumiza niambie." Karibu kila mgonjwa niliyemweleza hivyo amekubali. Ninakihesabu kuwa kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote katika fani hii, na kupuuzwa kwake kunaua. Vivyo hivyo mwanaume mtu mzima aliyepungukiwa damu bila sababu: kabla ya kurudia vidonge vya kuongeza damu, utafutwe mwanya inakovuja, na mara nyingi uko upande wa kulia wa utumbo mpana, ambako uvimbe huvuja polepole bila choo kubadilika rangi.

Kongosho ndilo gumu kuliko yote, na sitakupa matumaini ya uongo. Limejificha nyuma ya tumbo, halina kipimo kizuri cha kumchunguza mtu mzima wa afya, na dalili zake huja mwisho. Dalili moja tu huweza kuja mapema kidogo: macho kuwa ya njano bila maumivu, mkojo kukolea na choo kupauka, uvimbe unapokuwa kichwani mwa kongosho na kuubana mrija wa nyongo. Mgonjwa wa aina hiyo apigwe ultrasaundi wiki hiyohiyo.

Yote niliyoyataja hayakamiliki bila mtu ambaye mgonjwa haonani naye: mwanapatholojia. Picha ya CT hueleza uvimbe uko wapi na umefika wapi. Kipande cha nyama, biopsi, ndicho kinachosema kama ni saratani na ni ya aina gani, na kwa kawaida bila jibu hilo hakuna anayestahili kuanza tiba. Kipande hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kikichukuliwa, kitiwe ndani ya formalini papo hapo, chupa iandikwe jina, umri, mahali kilipotoka na tarehe. Kikitiwa kwenye maji matupu kinaoza njiani, na mgonjwa aliyeuza mbuzi apate nauli ya kuja anaambiwa arudi tena. Wauguzi wa chumba cha endoskopi wanalijua hili kuliko sisi madaktari, na inafaa wasikilizwe.

Tiba huamuliwa na hatua. Saratani iliyobaki kwenye utando wa juu huweza kumenyuliwa kwa endoskopi, ufundi uliokuzwa sana na Wajapani. Iliyoingia ukutani lakini haijasambaa hukatwa kwa upasuaji. Theodor Billroth alifaulu kwa mara ya kwanza kukata sehemu ya tumbo lenye saratani mjini Vienna, tarehe 29 Januari 1881, na mgonjwa wake aliishi miezi michache tu kabla ugonjwa haujarudi. Tangu wakati huo tumejifunza kwamba kisu peke yake mara nyingi hakitoshi. Kwa umio na puru, mionzi na kemotherapi hutangulia ili kuupunguza uvimbe, kisha ndipo upasuaji. Kwa utumbo mpana kemotherapi hufuata baada ya upasuaji iwapo tezi za jirani zimeingiliwa. Kwa baadhi ya wagonjwa, wale ambao uvimbe wao una kasoro katika mfumo wa kurekebisha vinasaba, dawa za kuamsha kinga ya mwili zimeleta nafuu ambayo zamani haikutarajiwa, ingawa bei yake bado iko mbali na wengi wetu. Katika sura ya tiba nimeeleza pia zinakopatikana huduma hizi: Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Uganda iliyoanza Mulago mwaka 1967, na hospitali za rufaa za Moshi, Mwanza, Eldoret na Nairobi.

Kwa mgonjwa aliyefika wakati kukata hakuwezekani, kazi haijaisha, na simkubali daktari anayesema "hakuna la kufanya". Stenti, mrija wa wavu wa chuma unaoingizwa ukiwa umekunjwa kisha unajitanua ndani ya umio, humrudishia mtu uwezo wa kumeza ndani ya siku moja au mbili. Tenwek imewawekea stenti mamia ya wagonjwa kwa endoskopi peke yake, bila hata mashine ya eksirei ya kuongoza kazi. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akitema hata mate yake anakunywa maji mbele ya mkewe. Hiyo ni tiba, na ni kubwa. Na maumivu yana dawa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya maji inayochanganywa kutoka unga huweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kunywewa nyumbani, na Uganda ikawaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Hakuna sababu ya mgonjwa wa kongosho Kigoma au Turkana kufa akipiga kelele.

Jambo la mwisho nalielekeza kwa wanafunzi na matabibu. Maswali makubwa ya fani hii yaliyo wazi yako hapa kwetu: kwa nini ukanda wa umio, kwa nini vijana, kwa nini bakteria wa tumbo ni wengi na saratani yake si nyingi. Majibu yatatoka katika vitabu vya hospitali zetu, na vitabu hivyo haviwezi kusema ambacho hakikuandikwa humo. Kampala ilianza kusajili wagonjwa wake wa saratani tangu miaka ya 1950, na hadi leo watafiti wa dunia nzima hurejea sajili hiyo. Kwa hiyo, mgonjwa anapoondoka mezani pako, hakikisha umeandika umri wake wa kweli, kijiji alikokulia na si anakoishi sasa tu, kazi yake, wakati dalili zilipoanza, ndugu zake waliougua, na jibu la biopsi likirudi lifuate jina lake. Mtu wa sajili akija kuomba daftari, mpe, na mpe na kiti.